Alinipa Ng'ombe Natanaeli

Saa moja asubuhi, mwaka 2013, katika zizi moja huko Masha, Uganda, ng'ombe mwekundu mwenye pembe ndefu anapiga teke na ndoo ya maziwa inabiringika. Mutware anaruka pembeni, mguu wake mbovu ukimchelewesha, na papo hapo anapiga ukelele: "Alinipa ng'ombe Natanaeli!"

Natanaeli hayupo zizini. Alikufa mwaka 1999, akiwa askari.

Kwa wafugaji wa milima ya Kivu ya Kusini, Kongo, alikotoka Mutware, ng'ombe wa kupewa na rafiki si mali ya hivi hivi. Aliyepewa huapa kwa jina la aliyempa. Akishtuka, akijikwaa au akifurahi, jina hilo ndilo linalomtoka. Mutware, sasa mwenye miaka arobaini na mitatu, alianza kuapa hivyo ujanani, ugonjwa ulipofagia zizi la baba yake na jirani yao Natanaeli akamletea mtamba.

"Ile ng'ombe baliiba mu vita, zamani sana," anasema akiokota ndoo. "Lakini jina iko. Jina haiibiwe."

Mwajiri wake, mzee Kamugasha, anacheka hadi kofia inamtoka. "Banange! Mimi nalipa yeye kila mwezi, lakini yeye naita mtu ingine!"

Malipo yenyewe ni shilingi elfu themanini, pamoja na maziwa ya kupeleka nyumbani kwake, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale.

Mwaka 1996 waliingia jeshini wanne: Mutware, Natanaeli, Eliezeri na Musoni, vijana wa kwaya moja. Walilala chini ya turubai moja, wakala sahani moja. Eliezeri alikufa kwa homa kabla hajafyatua risasi hata moja. Musoni alikanyaga bomu la kutegwa. Natanaeli alipigwa risasi wakivuka mto, na maji yakamchukua. Mutware alitoka na chuma gotini, akafika Nakivale mwaka 2002.

"Minabakumbuka bote," anasema. "Musoni alikuwa mutu wa michezo mingi, mupaka komanda alikuwa anacheka. Lakini Natanaeli hana kaburi. Hata photo hana. Iko jina tu."

Na jina lenyewe halina mwingine wa kulitaja. Mjane wake, Liliane, anauza nyanya katika soko la Rwekubo, hapo kambini. Kwa desturi yao mke halitamki jina la mumewe, hata kama ni marehemu. Binti yao, Ikirezi, alikuwa tumboni baba yake alipoondoka. Ana miaka kumi na sita, na kwake mtu huyo ni "baba" tu, basi.

"Siku miye nitakufa, nani ataita Natanaeli?" Mutware anauliza. Hapa hatanii.

Ndiyo maana, miaka sita iliyopita, alimwomba Kamugasha ampe mtamba badala ya mshahara wa mwaka mzima. Ndama jike atakayepatikana angepewa Ikirezi, kwa mkono wa Mutware lakini kwa jina la baba yake. Mtamba huyo, ndiye yule mwekundu wa zizini, akazaa dume. Akazaa tena, jike, lakini ndama huyo akafa kabla ya kuachishwa kunyonya. Wa tatu ni huyu anayetafuna majani kando ya ua. Leo anapelekwa Nakivale.

"Mwambie hiyo mtoto aite Kamugasha," mzee anamchokoza wakimpakia ndama kwenye pikapu. "Ng'ombe natoka kwangu!"

Uani kwa Liliane watu wa kanisa wamekusanyika. Mutware anamkabidhi Ikirezi kamba.

"Iyi haitoke kwangu. Miye niko mukono tu. Ni baba yako anakupa."

"Asante, papa Mutware," Ikirezi anajibu kwa sauti ndogo.

Watu wanangoja. "Umuite basi, binti!" jirani mmoja anamhimiza. Ikirezi anatazama chini. Kumwita mtu ambaye hajawahi kumwona, mbele ya umati, kunamtia haya.

Mutware amevunjika moyo, na hafichi. "Mumuache," anasema. "Haisemwe kwa nguvu. Inatokaga yenyewe."

Anakaa kwenye benchi, anapewa chai ya maziwa, na taratibu anaanza kuzungumzia mipango yake. Mwekundu akizaa jike mwingine, atamtafuta mpwa wa Musoni, anayesemekana kuishi Nyamitanga, huko Mbarara. "Eliezeri hakuacha mutu," anaongeza. "Ile inaniuma mingi."

Dereva anafunga mlango wa pikapu kwa kishindo. Ndama anaruka, anachomoka mbio kuelekea kwenye shamba la mahindi. Kamba inamvuta Ikirezi, anaanguka magoti kwenye matope, lakini haiachii. Ukelele unamtoka:

"Alinipa ng'ombe Natanaeli!"

Watu wanaangua kicheko na kupiga makofi. Mutware anavua kofia, anajifunika nayo uso, na mabega yake yanatikisika.

Liliane hacheki. Anamwendea binti yake, anachuchumaa, anaanza kumfuta matope magotini kwa ncha ya kitenge chake.

"Sema tena," anamwambia. "Polepole."