Ushuhuda wa Mabonde Matatu

Leo nimeaibisha mtu kanisani kwetu huku ughaibuni, Seven Hills, na sijatubu.

Baba Neema alisimama kutoa ushuhuda, eti Mungu amemvusha mabonde matatu kwenye mbio ndefu za ski, zile za kuteleza kwenye theluji, huko milimani.

Vigelegele!

Akanitumia mimi, msimamizi wa skrini, ramani ya safari iliyorekodiwa na simu yake niiweke juu, watu waone alikopita.

Jameni.

Mstari mwekundu, njia ya mbio, ulipita mabondeni. Wa bluu, yaani yeye, ulifuata barabara ya lami, ukisimama kila kituo cha basi.

Nikaukuza. Polepole.

Watu wakaanza kuhesabu vituo.

Mkewe alikuwa ameoka keki, mabonde yote matatu yamechorwa kwa krimu.

"Mama Neema," nikasema, "mimi nikatie pembeni, pale basi lilipopita."

Akanikatia huku machozi yanamtoka.

Kilikuwa kipande kitamu. Haya, nirushieni mawe hapa chini kwenye maoni.