Chumvi Mfukoni

Nichekeni tu, mimi machozi yameniishia. Nilipostaafu kwenye shamba la mkonge la Ngombezi, tegemeo langu la uzeeni lilikuwa ng'ombe alioniachia marehemu baba, nikampa rafiki yangu wa Kabuku anichungie. Tulipohamia kijiji cha ujamaa, rafiki akawaswaga hadi mkutanoni wakaandikishwe. Mwenyekiti akauliza ni wa nani.

Rafiki akanitazama. Nikaogopa kuitwa kabaila, nikaapa, "Mimi sina hata kwato!"

"Basi ni wa kijiji," Mwenyekiti akasema. "Tulitaka kumkatia mwenye ng'ombe eneo la malisho."

Kabla sijameza mate, ng'ombe mmoja mzee akapenya umati, akalamba mfuko wangu, nilimozoea kumbebea chumvi kila nilipowatembelea. Watu wakaangua kicheko.

"Mzee, huyu anakujua?" Mwenyekiti akauliza.

"Hanijui," nikasema, huku mkono wangu ukimkuna shingo.