Kitambaa Kilichotoka Cheupe

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe na tai. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne katika shule ya misheni huko kusini, miaka michache baada ya Uhuru, na barua ya ajira ilisema nikaripoti karakana ya magari ya shirika moja la umma, Temeke. Mie nikajua karakana ina ofisi, na ofisi ina meza. Msimamizi wa Karakana alinitazama kuanzia tai mpaka viatu, akasema meza zote zina watu, akanikabidhi kwa mzee mfupi aliyekuwa ameinamia mlango wa gari la bluu.

Mzee huyo aliitwa Sefu, Mzaramo wa hapo hapo Temeke, fundi mkuu wa kung'arisha rangi. Nikampa shikamoo. Akaitikia, kisha akauliza ile tai ni ya pamba au ya nailoni. Nikamjibu ya nailoni.

"Basi haitufai," akasema. "Ingekuwa ya pamba tungeisugulia."

Akanipa kipande cha fulana kuukuu na kunionyesha mlango wa pili. Niliusugua mlango ule mmoja mpaka adhuhuri. Nikiwa nimekasirika na mabega yanauma, sikujua kwamba nimekutana na mtu atakayenifundisha karibu kila kitu kitakachonipatia ugali maisha yangu yote.

Kwa vijana ambao hawajaifanya kazi hii, nieleze kidogo. Gari likioshwa kwa kitambaa chenye mchanga, rangi inapata mikwaruzo myembamba ya mviringo. Kivulini huioni. Litoe juani, utakuta bodi nzima imejaa nyuzi zinazozunguka mng'ao wa jua. Sisi tuliziita nywele. Mkwaruzo mkubwa, wa msumari au wa tawi la mkorosho, tuliupima kwa ukucha: ukucha ukiteleza, mkwaruzo unafutika, ukikwama, gari linakwenda kwa fundi wa kupaka rangi. Wengi hudhani fundi huziba mikwaruzo. Haizibwi. Unaipunguza rangi yenyewe, kwa unene mdogo kuliko karatasi, mpaka uso wote ushuke ulingane na kitako cha mkwaruzo. Tulianza na dawa ya kukatia, uji mzito wenye chembe za kusaga, tukafuata na polishi laini, tukamaliza na nta.

Rangi za siku hizo zilikuwa rangi tupu toka juu hadi chini. Ukisugua gari la bluu, kitambaa kinatoka cha bluu, na Mzee Sefu alikuwa akikisoma kitambaa kama wengine wanavyosoma gazeti. Kikitoka na bluu nyepesi, unakata vizuri. Kikijaa bluu nzito, punguza mkono. Kikionyesha kijivu, umefika kwenye rangi ya chini na huna la kufanya tena. Nilipokuwa namweleza kwamba nadhani sehemu fulani imetosha, alikuwa ananyoosha kiganja tu nimpe kitambaa. "Usiniambie wewe," alikuwa akisema. "Kiache kiniambie chenyewe."

Alikuwa mtani. Jina langu Hilari, yeye aliniita Msomi, na mbele ya wageni aliniita Profesa wa Milango. Lakini mke wangu alipojifungua mtoto wa kwanza, mzee yule ndiye aliyepita kwa wenzetu wote kunikusanyia sabuni, wakati sabuni ilikuwa ya foleni. Dawa ya kukatia ilipoadimika alitengeneza ya kwake kwa nta ya nyuki, mafuta ya taa na unga wa chaki uliochujwa mara tatu kwa kanga. Sikuwahi kumwona anaficha anachokijua.

Kitu kimoja hakukijua, kusoma Kiingereza. Hilo lilikuwa fungu langu. Kopo likija na maandishi, naitwa. Barua ikija, naitwa. Na mie nililipenda fungu hilo kuliko nilivyokubali wakati ule, maana ndilo lililonipa heshima ambayo mabega yangu hayakuwa yameipata.

Ilikuwa katika ile miaka ya shida, Jumapili mchana magari yamekatazwa kutembea ili kuokoa petroli, ndipo likaletwa gari jipya la Meneja Mkuu kutoka bandarini. Lilikuwa la rangi ya fedha iliyokoza, lenye chembe zinazometameta ndani kama mchanga juani. Hatukuwa tumewahi kuona rangi ya namna ile. Turubai lililolifunika melini lilikuwa limesugua boneti, nywele tele. Msimamizi akasema Meneja analitaka keshokutwa, likiwa kama kioo.

Mzee Sefu alilizunguka mara mbili bila kuligusa. Akafungua kisanduku cha mbele ya abiria, akatoa kijitabu cha gari, akanipa. "Msomi, hebu tazama humo wanasema nini juu ya rangi hii. Siielewi."

Tulikuwa mafundi sita tumelizunguka gari. Nilifungua kurasa za mwanzo, nikaona habari za matairi na betri. Nikaipata sehemu ya rangi. Mstari wa kwanza ulikuwa na maneno matatu ambayo sikuyajua, wa pili mawili. Nilihisi masikio yananiwaka moto. Miaka yote ile nilikuwa msomi wa karakana, na sasa wote wamesimama wananisubiri. Nikakifunga kijitabu.

"Hawasemi jipya, mzee," nikasema. "Ni yale yale."

Boneti aliichukua mwenyewe, kwa kuwa gari lilikuwa la mkubwa. Alisugua kidogo, akakitazama kitambaa. Kilikuwa cheupe. Akaongeza dawa, akasugua tena. Cheupe. Kwa uzoefu wetu wote, kitambaa cheupe kilikuwa na maana moja, kwamba hujakata kitu bado. Alikigeuza upande wa pili, akakiinua kwenye mwanga. Kisha akanigeukia.

"Una hakika kijitabu hakisemi kitu?"

Hapo nilipewa mlango wa pili wa kutokea, na ulikuwa wazi kabisa. Nikasema nina hakika.

Akachukua dawa nzito zaidi, akakaza mkono. Baada ya dakika chache, kwenye ukingo wa boneti, palitokea doa lisilong'aa, kama majivu yamemwagikiwa na maji. Alilifuta, halikutoka. Likakua hadi ukubwa wa kiganja.

Leo kila fundi anajua kilichotokea. Rangi ile ilikuwa imefunikwa juu kwa tabaka la vanishi isiyo na rangi, ile ambayo nyie mnaiita klia. Nywele zilikuwa ndani ya vanishi. Kitambaa kilitoka cheupe kwa kuwa vanishi haina rangi ya kutoa, na kila tulipodhani hatujakata, tulikuwa tunakata. Mzee aliimaliza vanishi yote pale ukingoni akafika kwenye fedha tupu. Vanishi ya kupiga upya haikuwepo mji mzima, na kuagiza nje kulihitaji vibali vya kungoja miezi.

Msimamizi aliuliza nani kafanya. Mzee Sefu akajibu, "Mkono ni wangu." Aliulizwa kama alitafuta maelekezo kabla ya kuanza. Akasema swali hilo halibadilishi mkono. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake na kijitabu kikiwa mfukoni mwa ovaroli langu.

Wiki iliyofuata alivuliwa cheo cha fundi mkuu, akapelekwa banda la kuoshea magari katika tawi letu la Kinondoni. Cheo nikapewa mie. Nilikipokea.

Kijitabu nilikwenda nacho nyumbani, nikaazima kamusi kwa jirani mwalimu. Yale maneno matano yalinichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Walikuwa wameandika wazi kwamba juu ya rangi kuna tabaka angavu, lisisuguliwe kwa dawa ya chembe kubwa, lipanguswe kwa kitambaa laini. Nikakiweka chini ya sanduku la nguo na nikakaa nacho miaka minne.

Mwaka wa tano nilihamishiwa Kinondoni, fundi mkuu wa tawi. Nilimkuta Mzee Sefu kwenye banda la kuoshea, suruali imekunjwa magotini. Nikampa shikamoo kwa sauti ya mtu anayeomba. Akaitikia kwa furaha ya kweli, akanishika mkono mpaka nyuma ya banda. Huko alikuwa na mlango wa gari lililopinduka, wenye vanishi kama ya lile gari la Meneja. Miaka minne alikuwa akiujaribia baada ya saa za kazi.

Alinionyesha yote. Osha kwanza kwa maji mengi, chembe moja ya mchanga inaongeza nywele mia. Jaribu pembeni chini, pasipoonekana. Mkono mwepesi, mizunguko michache, kisha simama uutazame mlango kwa ubavu, jua likiupiga. Kwa kuwa kitambaa hakisemi tena, macho ndiyo yaseme. Na dawa aliyoigundua ilikuwa dawa ya meno. Wakati ule kuipata dukani ilikuwa bahati, hivyo yeye mwenyewe alikuwa amerudia mswaki wa mti, na dawa yote ya meno aliyoipata ilikwenda kwenye mlango.

"Meno haya yaliyobaki hayahitaji kung'aa," alisema. "Mlango ndio unatazamwa na watu."

Nilishindwa kucheka. Nikamwambia pale pale kwamba sikukisoma kile kijitabu, kwamba nilishindwa na maneno nikaona aibu.

Aliendelea kufuta mlango. "Najua," akasema. "Ulikitazama kitabu kama mtu anayetazama shimo. Lakini kitambaa kiliniambia simama, Hilari. Mie nikaacha kukisikiliza kitambaa nikakusikiliza wewe. Hilo ni langu."

Nikasema nitamwandikia Meneja. Akasema niandike nikitaka, ila yeye ana haja nyingine. Anataka kusikia kile kijitabu.

Barua niliandika. Meneja Mkuu aliyekuwepo sasa alikuwa mwingine. Alinijibu kwamba jalada hilo limefungwa zamani na gari lenyewe limeshauzwa. Mzee Sefu alistaafu na cheo cha mwosha magari, na jambo hilo sikuweza kulirekebisha. Ninaliandika hapa ili wajukuu zake walione.

Lakini Ijumaa moja asubuhi, kabla ya kazi, niliwakusanya mafundi na waoshaji wote wa tawi. Mzee Sefu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilieleza kwanza kwa nini tumekusanyika na kosa lilikuwa la nani. Kisha nikasoma sehemu nzima ya rangi, Kiingereza na maana yake, mstari kwa mstari. Kulikuwa na maneno mengine mbele ambayo hata kwa kamusi hayakuniingia. Kila nilipofika nilisema, "Neno hili silijui." Mara ya kwanza ulimi ulikuwa mzito kama nimelamba shabu ya kusafishia maji. Mara ya tatu mtunza stoo, dada mmoja mkimya, alinisaidia moja. Hakuna aliyecheka.

Nilipomaliza, Mzee Sefu akasema, "Rudia pale pa kitambaa."

Nikarudia: lipanguswe kwa kitambaa laini, safi, cha pamba.

Akatikisa kichwa taratibu. "Wametoka ng'ambo yote ile kuja kuniambia cha pamba," akasema. "Na mie nilimwambia huyu siku ya kwanza, kaja na tai ya nailoni."

Hapo ndipo banda zima lilipocheka, nami nikacheka, machozi yakinitoka.

Nimestaafu sasa, naishi Segerea. Vijana wanaong'arisha magari Sinza huja na chupa zao za dawa mpya niwasomee. Nawashukuru kwa kunikumbuka, na namshukuru aliyenifundisha kazi wanayoniulizia. Huwa nasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Nikikwama nawaambia nimekwama. Wakati mwingine mmoja wao anatafuta neno kwenye simu. Wakati mwingine hatulipati, basi tunapiga tone moja chini kabisa ya mlango, kwa kipande cha fulana, na tunalitoa gari juani.