Kiitikizano cha Mama Tumaini

Kosa langu la kwanza mbele za watu nililifanya kwa sauti nzuri, na kwa muda nililionea fahari. Nilikuwa nawaimbia waumini sehemu yao.

Juzi nilifungua daftari nililonakilia zaburi nikiwa na miaka kumi na miwili. Bado linanukia karafuu, maana mazoezi niliyafanyia uani kwa jirani yetu, Bi Mize, kando ya majamvi aliyoanikia karafuu. Kurasa nyingine nilifuta na kuandika upya hadi karatasi ikatoboka. Nawaambia kweli, nikikosea noti moja Jumapili, chakula cha mchana kilikuwa hakishuki.

Kanisa letu la Chake Chake lilikuwa dogo, la walimu, manesi na askari waliohamishiwa Pemba kutoka bara. Kwaya hatukuwa nayo. Kazi ya mwimba zaburi ni nyepesi kuieleza: unaimba kiitikizano mara moja, watu wanakirudia, unatoa shairi, wanaitikia tena. Hakuna aliyenifundisha, nilijifunza kwa kusikiliza zaburi zilizorekodiwa kwenye simu ya baba. Basi nilipowasikia watu wakiitikia tofauti na simu, hasa Mama Tumaini, nesi kutoka Kigoma, aliyekuwa akipanda pale pa kushuka, nilisogelea maikrofoni nikaitikia mwenyewe, kwa nguvu, hadi sauti yake ikazama.

Jumapili ya tatu, Mama Tumaini alikunja mikono akafunga mdomo. Benchi lake likanyamaza, kisha kanisa zima. Niliimba na kujiitikia hadi mwisho.

"Mama, ulikuwa unaharibu," nilimwambia nje.

"Kwani nani kakuambia nakuja kukusikiliza wewe?" alinijibu. "Nakuja kumwitikia Mungu. Ukinimalizia maneno yangu, mimi nifanye nini, nikupigie makofi?"

Katekista aliumaliza ugomvi: Jumapili ijayo zaburi itasomwa tu. Nililia njia nzima hadi nyumbani, Gombani. Zaburi isomwe, kama tangazo la mkutano wa wazazi!

Bi Mize, aliyekuwa akiongoza kasida kwenye harusi za mtaa mzima, alinikuta uani nikiendelea na mazoezi.

"Weye mwana, mbona wajiitikia mwenyewe? Wenzio wamekufa?"

"Wanakosea, Bi Mize."

"Na wakosee! Mie nikishatoa ubeti wangu nakaa kimya. Wengine sauti zao kama kinu, lakini harusi ni yao pia."

Jumapili iliyofuata, msomaji alipomaliza somo la kwanza na kuanza kuitafuta zaburi, nilikuwa nimeshasimama kando yake. Katekista alinikunjia uso. Sikurudi kwenye benchi. Niliimba kiitikizano mara moja, nikarudi nyuma hatua nzima, nikafumba mdomo.

Kimya. Kila kiungo changu kilitaka kuitikia. Kisha ikaja sauti ya Mama Tumaini, ikapanda palepale pa kushuka, na kanisa zima likamfuata yeye.

"Leo umejua kupumua," aliniambia nje, akanifinya shavu.

Kwa miaka niliamini kwamba siku ile nilimvumilia. Mwaka juzi nilikwenda Kigoma kwenye harusi ya Tumaini mwenyewe. Kwenye misa, zaburi ikatokea kuwa ileile, na kanisa zima, wazee kwa watoto, likapanda palepale. Aliyeshuka nilikuwa mimi peke yangu, nikageukiwa na benchi zima. Mama Tumaini hakuwahi kuharibu chochote. Alikuwa akiimba kama kwao, na mimi nilimzamisha kwa sauti ya simu ya baba.

Ubishi bado ninao. Zaburi haitasomwa mbele yangu, hata tukiwa watu wanane. Lakini siku hizi nikishatoa shairi narudi nyuma hatua moja, na kuitikia nawaachia wenyewe.