Nilivyokwenda Kufunza Watoto Kusema

Nimewacheka wengi maishani, basi safari hii nichekeni mimi. Mjukuu wangu Mwanaisha aliniambia kuwa mwalimu wao, kijana wa bara aliyekuja hapa kwetu Mishomoroni, Kisauni, baada ya vita vikuu vya dunia, ana kipindi cha kuzungumza. Kuzungumza! Mtoto wa Kisauni afunzwe kusema, tena na mtu wa bara! Nikavaa buibui, nikaenda kumtoa Mwanaisha shule.

"Shikamoo, bibi," akasema yule mwalimu mlangoni mwa darasa.

"Marahaba. Watoto hawa wamezaliwa na maneno kinywani. Nipe hiki kipindi leo. Kengele ikilia nao hawajazungumza, mjukuu wangu abaki kwako. Wakizungumza, nakwenda naye."

Mwanaisha akanitazama, machozi yakimlenga. Mwalimu akanipisha, akaketi nyuma.

Nikawaeleza harusi za zamani, upishi wa mkate wa mofa, na nasaba ya mama yangu yote. Mtoto mmoja akafungua kinywa, nikamkemea: "Nani kakupa ruhusa ya kumkatiza mtu mzima?" Kila nilipouliza kama wamesikia, wasichana waliitika "abee" na wavulana "labeka," nami nikazidi kuvimba. Mpumbavu mimi!

Kengele ikalia. Nikamgeukia mwalimu kwa dharau. "Umeona walivyozungumza?"

Akawauliza watoto, "Leo nani kazungumza?"

Wakatazamana. Mwanaisha, mtoto niliyemlea asinijibu kamwe, akasimama.

"Bibi peke yake," akasema, kisha akaketi mahali pake, akakikumbatia kibao chake cha kuandikia.