Lori Lilipopita Uani kwa Jirani

Hasira zangu watu wa Palma, huku kaskazini mwa Msumbiji, wanazijua, sina haja ya kuzificha. Miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini nilikuwa nauza saruji na mabati, na kila mtu alitaka kujenga: nyumba za wageni, maghala, vyumba vya kupangisha. Malori yakawa yanaingia kwangu tangu asubuhi. Nikazungushia kiwanja changu ukuta wa matofali, geti moja kubwa mbele, nikajiona mwanamume kweli.

Shida ni kwamba lori likishaingia halina pa kugeukia. Linatoka kinyumenyume mpaka barabarani, utingo anapiga kelele, "Njoo, njoo, njoo, simama!", pikipiki zinakwepa, akina mama wenye ndoo vichwani wanakimbilia pembeni. Mimi nawatukana madereva, madereva wananitukana mimi.

Asubuhi moja lori likakwama, limekingama njia nzima, na nyuma yake gari la serikali. Shefe, mkuu wa serikali pale mjini, akashuka, wala hakupandisha sauti. "Magari yaingie huku, yatokee kwingine. Nakupa siku tatu. Ukishindwa, nafunga." Akaichukua lisensa yangu ya biashara, akaitia mfukoni, akaondoka.

Nilikaa juu ya mifuko ya saruji. Watoto wangu watano walikula kwa duka lile. Nyuma ya ukuta palikuwa na sehemu moja tu ya kupitisha lori, nayo ni uani kwa jirani yangu, mama mjane muuza vitumbua. Na mimi na yeye hatukuwa tunasemezana. Pale nilipojenga ukuta palikuwa na uchochoro ambao wanawake wa mtaa wetu waliupita tangu enzi za bibi zao, wakitembeleana bila kutokeza barabarani. Nilipouziba, alikuja kuniomba nimwachie japo upenyo wa mtu mmoja. Nikamjibu, "Hati ninayo mimi." Ee Mola, jibu gani lile! Majuto ni mjukuu, na wangu alikuja mapema.

Nilimwendea siku ya tatu, maana mbili za mwanzo nilizimaliza kwa kiburi. Alikuwa jikoni anakaanga.

"Hodi, mama."

"Karibu, mwenye hati," akasema, wala hakugeuka.

Nilistahili. Nikamweleza yote. Akageuza vitumbua vyake kimoja kimoja mpaka vikaiva vyote, mimi nimesimama tu kwenye moshi.

"Lori linataka upana gani?" akauliza.

Sikuamini masikio yangu. Nikampimia kwa hatua, na hatua zikapita katikati ya jiko lake. Akainuka, akaanza kufumua makuti ya ua kwa mikono yake, huku ananifokea: "Utakaa unanitazama? Kalete nyundo, ukuta wako uvunje mwenyewe!" Nikauvunja. Alasiri lori la kwanza likaingia mbele, likatokea nyuma polepole, shefe anatazama. Lisensa akanirudishia pale pale.

Nikamwahidi yule mama jiko la matofali, na njia iwe wazi kwa wanawake siku zote. Akakubali. Nilimshukuru mpaka akanikataza, na bado namshukuru kila niamkapo. Lakini siku ile sikuweza kujizuia kumuuliza: "Mama, mimi niliyekuzibia, mbona umenifungulia?"

"Mume wangu alipofariki," akasema, "jeneza lilikuwa lipite hapa kwenda makaburini. Hapakupitika. Likazungushwa barabarani, malori yanalipigia honi. Nikasema siku ile, mimi sitamzibia mtu njia."

Jeneza lile nililibeba. Nilikuwa mbele kabisa, bega la kulia, nawalaani madereva kimoyomoyo kwa kukosa adabu, na ukuta wangu haukunipitia akilini hata mara moja.