Mikono ya Kavindu

Watu wa Wamunyu wana midomo, jamani! Miaka tisa walikuwa wakiicheka ile sanamu ya mzee Musau: mwanamke anayekimbia, mguu mmoja hewani, uso umekamilika hadi nyusi, lakini juu ya kichwa kuna pande la mti ambalo halijaguswa. "Mzee, huyu wako anapeleka kuni wapi?" wachongaji wenzake walimtania. Mzee aliendelea na tezo yake.

Pande lile lilikuwa mikono. Musau aliianza sanamu wiki ambayo bintiye, Kavindu, alipanda ndege kwenda kukimbia marathoni ng'ambo. Mzee alikuwa na hakika bintiye atashinda, kwa hiyo akaacha mti wa kutosha wa kuchonga mikono iliyoinuliwa. Kavindu akapitwa kwa sekunde nne. Mtu wa pili hainui mikono. Ila mzee alikataa katakata kuukata ule mti. "Nimemlea mimi," alisema. "Najua alivyokimbia."

Kavindu alirudi kwa mumewe Kalama, akalima mbaazi, akazaa, akazoea kuitwa Sekondi, yaani wa pili, hata kanisani. Ilimuuma, asikudanganye mtu.

Mwaka huu barua ikaja. Mkojo wa yule aliyempita, uliogandishwa miaka yote hiyo, umepimwa upya na dawa za kuongeza nguvu zimeonekana. Mshindi ni Kavindu.

Kaka yake Kimanzi hakuona maana. "Ya nini kufukua mambo ya kitambo? Huyo mama aliacha kukimbia, ako na watoto. Na wewe magoti yamekwisha. Sasa wamekurudishia nini?"

Maneno hayo yalimkera Kavindu. Kweli, makofi ya siku ile hayarudi. Lakini baba yake alikuwa na miaka themanini na moja, na macho yalikuwa yakififia. Akaitia barua kwenye mkoba, akafunga safari ya Wamunyu.

Alimsomea babake mbele ya wachongaji wote. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Rudia hapo," mzee akasema. "Hapo pa wa kwanza."

Alirudia mara tatu.

"Mwaitu," akamwita, yaani mama yangu, maana alimpa jina la mamake. "Simama hapa. Inua mikono."

Macho yake yalikuwa yanaona ukungu tu, basi akaipima kwa vidole, toka kwapani hadi kwenye kucha, akageukia mti na kuanza. Anagonga, anarudi kupapasa, anagonga tena. Kavindu alisimama pale, mwanamke wa miaka arobaini na moja, mikono juu, karakana nzima ikimtazama, na fahari ikamjaa mpaka akashindwa kujua kama anacheka au analia. Mabega yakaanza kuwaka moto. Akaishusha kidogo.

"Weka juu!" mzee akafoka. "Mimi nimeingoja miaka tisa. Wewe dakika tano zimekushinda?"